Chuo cha Vioo na Chuo cha Matairi

Kwa miaka tisa nilifundisha takwimu kwenye vyuo viwili binafsi vya biashara, vyote katikati ya mji, vyote vikitoa shahada, na vyote vikidharauliana. Kimoja watu walikiita Vioo, maana jengo zima lilikuwa vioo vya buluu kuanzia chini hadi ghorofa ya sita, na mlangoni walisimama walinzi wawili wenye glavu nyeupe, kama watu wanaosubiri kubeba jeneza la waziri. Cha pili kiliitwa Matairi. Kilikuwa ghorofa ya pili na ya tatu, juu ya duka la matairi, na fundi wa chini akiwasha mashine yake ya upepo, mhadhiri hunyamaza mpaka fundi amalize. Kutoka kimoja hadi kingine ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Jumanne na Alhamisi nilitoka Vioo saa tano kamili na kuingia Matairi saa tano na robo, nikiwa na daftari lile lile, kalamu zile zile, na mzaha ule ule wa wiki ya tatu.

Kote waliniita Bi Wastani. Hawakushauriana, lakini kote jina lilikuwa hilo hilo.

Watu wa Vioo walisema kwamba kule Matairi wanasomea harufu ya mpira. Watu wa Matairi walisema kwamba kule Vioo wanafundishwa kupanda lifti. Kwa maoni yangu wote walisema kweli. Mkuu wa Vioo alikuwa na simu mbili na sauti ya mtu anayetangaza ndege zinazoondoka, na katika miaka yote tisa hakuwahi kuniuliza nafundisha nini. Aliniuliza tu kama natumia projekta. Mkuu wa Matairi alikuwa mama mmoja aliyekuwa na duka la dawa la jumla. Aliona dawa zina wakaguzi wengi, akafungua chuo.

Basi dada yangu mkubwa ana binti mmoja. Binti huyo alimaliza sekondari na akakubaliwa na vyuo vyote viwili, jambo lisilo la ajabu, kwani sijawahi kusikia mtu aliyekataliwa na chochote kati ya hivyo. Lakini nyumbani kwao ilikuwa sherehe, na Jumapili moja mchana nikaitwa kutoa ushauri.

Niliwakuta wanne sebuleni. Dada yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni fundi wa lifti, na alikuwa amevaa shati la kazini lenye nembo kifuani ingawa siku hiyo hakuwa kazini. Dada wa shemeji, shangazi yake binti, anafanya kazi benki, kaunta ya nne, na alikuwa ameshika makaratasi ya vyuo kama hakimu aliyeshika jalada. Binti mwenyewe alikuwa akitia chai kwenye vikombe.

"Mimi nasema hapa hakuna cha kujadili," shangazi akaanza. "Pale benki, barua za maombi ya kazi zikija zinagawanywa. Za Vioo zinapanda juu kwa meneja. Za Matairi tunafungia vitu."

"Vitu gani?" dada akauliza.

"Vitu tu. Vikombe, tukihama ofisi."

Shemeji akakohoa. "Lifti ya Vioo nimeifunga kwa mikono yangu. Jengo lenye lifti kama ile haliwezi kujaa watu wajinga."

"Shemeji," nikamwambia, "lifti ile inabeba chochote kisichozidi kilo mia sita na thelathini."

Dada akanitazama kwa jicho la kuniomba nisianze. Nikaanza. Niliwaeleza kwamba anayefundisha takwimu Vioo ni mimi na anayefundisha takwimu Matairi ni mimi. Yule bwana wa uhasibu naye ni mmoja, tunapishana naye njiani mbele ya kinyozi, kila mmoja akikimbilia alikotoka mwenzake. Mtihani ni mmoja, kinachobadilika ni nembo iliyo juu ya karatasi.

Shangazi akacheka kwa pua. "Kwa heshima yako, mwalimu, wewe ni mtu tu. Chuo ni jina. Mtu anaondoka, jina linabaki."

"Na kizuri chajiuza," nikasema. "Mbona hilo jina linatangazwa mpaka kwenye migongo ya mabasi?"

Watu wa aina yake, ukiwashika kwenye hoja, huomba sukari. Aliomba sukari. Binti akamsogezea bakuli, kisha akanigeukia. Ana sauti ndogo, na huuliza swali kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Mama mdogo, mtu akifeli, ni wapi anaambiwa kwamba amefeli?"

Jibu nililijua kama ninavyolijua jina langu. Vioo, alama zilipanda ghorofa ya sita zikiwa zimekonda na kushuka zikiwa zimenenepa. Mkuu aliita jambo hilo kusawazisha. Kila muhula nilitia sahihi yangu chini ya alama ambazo sikuzitoa mimi. Matairi zilibaki zilivyo, wala si kwa uaminifu. Msajili wao alikuwa mvivu mno kufungua bahasha mara mbili. Lakini nilijua pia kwamba nikilisema hilo pale sebuleni, shangazi angelipeleka kaunta ya nne, na kabla ya wiki kwisha lingefika ghorofa ya sita.

"Kote," nikasema.

Akanitazama kidogo, akakusanya vikombe. Wiki iliyofuata akaandikishwa Vioo. Shemeji alimsindikiza mwenyewe siku ya kwanza, na nasikia walipanda na kushuka ile lifti mara tatu.

Muhula huo huo kukatokea jambo la gazeti. Lilikuwepo gazeti moja ambalo kila mwaka lilitoa orodha ya vyuo binafsi vya biashara vya mjini, cha kwanza hadi cha mwisho. Nusu ya alama zilitoka kwenye kitu walichokiita sifa, na sifa yenyewe ilipimwa hivi: wahadhiri wa kila chuo walipewa fomu wakadirie vyuo vyote, pamoja na cha kwao, kuanzia moja hadi kumi. Ni sawa na kuwauliza wake wenza nani anapika vizuri, kisha kuchapisha majibu.

Mkuu wa Vioo alituita kwenye chumba cha mikutano chenye viti vya kuzunguka. Chai ilikuwa na maziwa, na kila sahani ilikuwa na kitambaa chake cha karatasi.

"Sitaki kumwelekeza mtu," akasema. "Nyinyi ni wasomi. Ila nawakumbusha tu kwamba msomi anayekula hapa hawezi kuona kwamba hapa si kumi. Na vile vyuo vingine, sijui vya juu ya maduka, nadhani tatu inawatosha. Tatu ni heshima."

Baada ya chai nikatembea dakika zangu kumi na mbili. Mkuu wa Matairi alitukusanya kwenye ngazi, maana madarasa yalikuwa na watu.

"Kumi kwetu," akasema, miwani ikining'inia kifuani. "Wale wa vioo wapeni tatu, wasije wakasema tuna roho mbaya."

Fomu zote mbili nilizijaza jioni ile ile, juu ya meza moja, kwa kalamu moja. Kwenye ya kwanza Vioo kikapata kumi na Matairi kikapata tatu. Kwenye ya pili Matairi kikapata kumi na Vioo tatu. Niliona ni mzaha mzuri. Nilijiona mjanja kuliko wote, nimekaa juu ya ukuta nawatazama wapumbavu wa pande zote mbili. Sikujiuliza anayekaa juu ya ukuta huwa anamlindia nani.

Orodha ikatoka. Vioo kilikuwa cha kwanza. Likatundikwa bango refu la ghorofa tatu ambalo liliziba madirisha, kwa hiyo chuo kilichojengwa kwa vioo kikawa kinasoma kwa taa mchana. Matairi kilikuwa cha kumi na tatu. Mkuu wake akachapisha vipeperushi vinavyosema "Miongoni mwa vyuo kumi na tano bora", na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyecheka. Wangecheka ningewaheshimu.

Kisha ukaja mtihani. Maswali matano, kila moja alama ishirini, na alama ya kufaulu hamsini. Vioo walifanya watu sitini na wanne, wakaanguka thelathini na saba. Matairi walifanya hamsini na wanane, wakaanguka kumi na tisa. Usidhani wa Matairi walikuwa na akili zaidi. Walijua tu kwamba ukianguka pale utaanguka kweli, na mtu akijua hivyo hufungua daftari.

Binti yetu alipata thelathini na nne. Niliandika kwa wino mwekundu nikaigeuza karatasi haraka, kama unavyofunga mlango wa chumba ulichomkuta mtu anavaa. Bahasha ikapanda juu. Baada ya siku nne ikashuka, na darasa zima hakuna aliyekuwa chini ya hamsini na tano. Yeye alikuwa na sitini na moja. Nikatia sahihi.

Alinifuata kwenye chumba chetu, sisi wahadhiri wa vipindi. Kilikuwa nyuma ya mashine ya kutoa nakala, hakina dirisha, na wazazi hawakuonyeshwa walipokuja kutembezwa. Akafunga mlango.

"Mama mdogo, swali la nne na la tano sikuandika kitu."

"Najua."

"Kila moja lina alama ishirini."

"Najua, mwanangu. Niliyatunga mimi."

"Kwa hiyo hata ningepata yote yaliyobaki bila kukosa hata nukta, ningeishia sitini." Akaweka karatasi ya matokeo mezani, akaigeuza inielekee. "Nimepata sitini na moja. Hiyo moja imetoka wapi?"

Nimekaa kwenye vikao vingi vya wasomi, na sijawahi kusikia hesabu iliyofanywa vizuri kuliko hiyo. Mkuu na kompyuta zake hakuiona. Mimi mwenyewe niliyetia sahihi sikuiona, kwa sababu sikuwa nimesoma. Nilianza kumweleza habari za kusawazisha, kwamba vyuo vingi hufanya, kwamba ziko kanuni zake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilipata ngapi?"

"Thelathini na nne."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakulia wala hakukasirika kwa namna ninayoijua mimi.

"Nilikuuliza siku ile," akasema. "Nilikuuliza mbele ya watu wote."

"Uliniuliza."

"Ukasema kote."

Akachukua karatasi yake akatoka. Nilidhani amekwenda nyumbani. Dakika ishirini baadaye simu ya mezani ikalia, na katibu wa Mkuu akaniambia nahitajika ghorofa ya sita.

Ofisi ilikuwa na zulia la kuzamisha viatu, na ukutani ukurasa wa gazeti ulikuwa umewekwa kwenye fremu. Binti alikuwa amesimama. Mkuu alikuwa amekaa, simu zake mbili mbele yake kama kisu na uma.

"Bi Wastani," akasema, na hapo ndipo nikajua kwamba hata yeye hajui jina langu. "Huyu mwanafunzi analalamika kwamba amepewa alama nyingi mno. Miaka kumi na moja nakalia kiti hiki, sijapata lalamiko la namna hii. Anaomba karatasi yake. Mweleze utaratibu."

Utaratibu nilikuwa nao ulimini. Nilikuwa nimetoka kuusema chini dakika chache zilizopita, na maneno yalikuwa bado ya moto. Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa ameshika kamba ya begi lake kwa mikono miwili, na hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshakata tamaa nami, na alikuwa na haki.

"Ni thelathini na nne," nikasema.

"Sikukuuliza alama. Nimesema utaratibu."

"Huo ndio utaratibu. Alipata thelathini na nne, ikaja huku, ikawa sitini na moja. Wenzake thelathini na sita nao ni hivyo hivyo."

Mkuu akaegemea nyuma. "Chuo hiki ni cha kwanza mjini."

"Najua. Nilisaidia kukiweka hapo. Nilikipa kumi, na Matairi nikawapa tatu, kama ulivyosema. Kisha nikaenda Matairi nikawapa kumi, nikakupa wewe tatu."

Nilitegemea atafoka. Nilikuwa tayari kwa hilo, pengine hata nililitamani. Lakini uso wake ulipata namna nyingine, namna ya mtu aliyeambiwa kwamba mpishi wake pia huosha maiti.

"Unafundisha *Matairi*?" akauliza.

Hicho ndicho kilichomuuma. Alama za watu thelathini na saba alizimeza kama maji, lakini kwamba miguu iliyokanyaga zulia lake hukanyaga pia zile ngazi za juu ya duka, hilo lilimkwama. Mwezi huo mkataba wangu ulikwisha na haukurudiwa. Barua ilisema chuo kinaimarisha ubora wa wahadhiri wake. Wale thelathini na sita walibaki na alama zao, na hakuna hata mmoja aliyezikataa. Nasikia wawili sasa wako pale benki.

Binti akaondoka Vioo na kuanza upya Matairi, mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza. Shangazi alitangaza kwamba mtoto amerogwa na elimu yangu, na mpaka leo tukikutana kwenye shughuli za ukoo ananisalimia kwa kidevu. Shemeji alikaa wiki tatu bila kuzungumza na binti yake. Kisha siku moja alikuja Matairi peke yake, akapanda ngazi hadi juu akihema, akatazama huku na huku akitafuta pa kuweka lifti, akashuka.

Dada yangu alikuja kwangu Jumamosi asubuhi. Alikataa chai. Alikaa na mkoba magotini.

"Nilikuwa na mtoto aliyefaulu," akasema. "Umeniletea aliyefeli."

"Alikuwa amefeli tangu mwanzo, dada."

"Lakini tulikuwa hatujui."

"Yeye alijua."

Alikaa akifungua na kufunga zipu ya mkoba. "Na wewe ulijua kabla yetu sote," akasema hatimaye, "ukakaa kwenye kochi langu ukatucheka." Akainuka akaenda zake. Nilikuwa na jibu. Mimi huwa na jibu. Sikumkimbilia nalo.

Kwa hiyo muhula uliofuata nilikuwa na chuo kimoja na yeye alikuwa darasani kwangu, safu ya nyuma, karibu na dirisha. Darasani aliniita mwalimu. Wiki ya nne huwa nafundisha jinsi ya kupima kutawanyika kwa takwimu, na nina mfano wangu wa mifuko mitano ya saruji. Uzito wake ni kilo arobaini na nane, hamsini, hamsini na moja, arobaini na saba, na hamsini na nne. Wastani hamsini. Unatoa wastani kwenye kila uzito, unapata tofauti, unazizidisha kwa zenyewe, unajumlisha. Mfano huo nauandika ubaoni bila kutazama daftari. Niliuandika, nikageuka, nikakuta mkono mmoja umenyooshwa.

"Mwalimu, tofauti zikijumlishwa si inapaswa kuwa sifuri?"

"Ndiyo. Daima."

"Hizo zinajumlisha mbili."

Nikageukia ubao. Kutoa mbili, sifuri, moja, kutoa moja, nne. Nilijumlisha mara ya kwanza, nikajumlisha tena. Mfuko wa nne. Arobaini na saba ukitoa hamsini ni kutoa tatu, si kutoa moja. Mtoto wa darasa la sita hakosei hapo.

Nikafungua daftari, na pale palikuwa pameandikwa kutoa moja, kwa mwandiko wangu wa miaka tisa nyuma, wino umeshapauka. Kila mwaka, kwenye vyuo vyote viwili, nimesimama mbele ya watu nikawaandikia kosa hilo, wakalinakili, wakalirudisha kwenye mitihani, nami nikawapa alama zote. Mamia ya watu. Nilikuwa nikitoka hapo nikitembea kuelekea upande wa pili, njia nzima nikiwadharau wakuu wasiojua kinachofundishwa kwenye vyuo vyao.

Wanafunzi walikuwa wananitazama kuona nitafanya nini, na nadhani wengi wao ndiyo mara ya kwanza walikuwa wananitazama.

"Ni kutoa tatu," nikasema. "Nimekosea. Nimekosea kwa miaka tisa."

Nikafuta kwa kiganja, maana dasta sikuiona ilipo, nikaandika upya.

"Na jumla ya chini nayo ibadilike," akasema kutoka nyuma. "Si ishirini na mbili. Ni thelathini."

Nikabadilisha. Akashusha mkono, akaandika kwenye daftari lake.

Mtihani wa mwisho alipata hamsini na nane. Nilisahihisha karatasi yake mara mbili. Kisha nikafunika jina nikampa yule bwana wa uhasibu pamoja na mwongozo wa majibu, nikamwomba aisahihishe mara ya tatu. Alinirudishia kesho yake pale mbele ya kinyozi, akiwa na haraka zake za kwenda Vioo. Naye alikuwa ameandika hamsini na nane.